Mama, Nani Anakutua?

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi kwenye semina ya akina mama wa usharika wetu hapa Moshi. Walioikosa waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotoka, hata pale nilipoacha njia na kuingia vichakani.

Bwana Yesu asifiwe!

Shikamooni mama zangu mlionitangulia. Na ninyi wadogo zangu na wanangu mliokaa kule nyuma, marahaba, hata kama hamjasema. Najua kwa nini mmekaa karibu na mlango. Mmoja ameacha maharage jikoni, mwingine ana belo la mitumba Kiboriloni halijafunguliwa, mwingine anangoja simu ya mtoto aliyeko chuo, yule anayepiga akiishiwa tu. Sitawavuta mbele. Naomba jambo moja dogo: kila aliyepakata mkoba auweke chini. Tangu tulipoanza kuimba nawatazama, na zaidi ya nusu yenu mmeukumbatia mkoba kama watu waliobanwa kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni. Hapa hakuna kibaka. Wekeni chini.

Asanteni. Mmeona mabega yalivyoshuka? Leo nataka kuzungumza na hayo mabega.

Mama mwenyekiti aliniletea mada kwenye karatasi, imeandikwa vizuri kabisa: kupata pumziko na kufanywa upya ndani ya Kristo. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, kwa sababu aliileta saa nne usiku, akitoka kikao cha harusi, na kabla ya kikao alikuwa msibani, na asubuhi yake alikuwa na zamu ya kupamba madhabahu. Mama mwenyekiti, nisamehe, nakusema kwa upendo.

Mimi si mchungaji. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na minne, nimestaafu, nina migomba, kuku na wajukuu. Kwa hiyo mtanivumilia nikisoma Biblia kama muuguzi, yaani kwa kuangalia kwanza nani hajala na nani hajalala.

Mnakiona hiki nilichokiweka mezani? Mwanaume akiingia hapa atadhani ni kiota cha kuku. Ninyi mnaijua. Ni ngata, ile ya kuweka kichwani chini ya mzigo. Nimeisokota jana jioni kwa majani makavu ya mgomba, na vidole vilikumbuka vyenyewe, ingawa sijabeba mzigo kichwani kwa miaka mingi.

Nimezaliwa juu huko, Old Moshi. Mnajua ng'ombe wetu wa mlimani walivyo: hawatoki. Wanaishi bandani kama wafungwa wenye heshima, chakula wanaletewa. Kihamba, yaani shamba letu la migomba, hakina nafasi ya malisho, basi mama yangu alishuka tambarare kukata majani, kisha akapanda nayo. Nilianza kumfuata nikiwa na miaka tisa, na kamzigo kangu. Majani mabichi yana tabia moja mbaya: mvua ikiwakuta njiani, mzigo unaongezeka bila mtu kuongeza kitu. Maji yanachuruzika shingoni, vijidudu vinatembea ndani ya kilemba, na huwezi kuvitoa kwa sababu mkono mmoja umeshika mzigo na mwingine umeshika panga.

Ninachokumbuka zaidi ni maneno mawili, "nitwike" na "nitue". Mzigo wa maana mtu hajitwiki. Unauinua mpaka magotini, mwenzako anashika upande wa pili, mnavuta pumzi pamoja, ukifika kichwani anakurekebishia ngata kwa kidole kabla hajakuachia. Na ukifika nyumbani hujitui. Ukiubwaga peke yako unaweza kutegua shingo. Unasimama mbele ya banda unaita, "Jamani, njooni mnitue!" Mama yangu alikuwa mwanamke asiyeomba jirani hata chumvi, lakini aliita hivyo kila jioni bila aibu yoyote. Kwake hiyo ilikuwa sehemu ya kubeba, kama kufunga kamba ilivyo sehemu ya kubeba.

Sasa sikilizeni Kiswahili chetu, maana kina hekima ambayo tunaipita kila siku. Mzigo unatua, ndege inatua, jua linatua. Mahali pa kutua ni kituo, na walimu wetu wa zamani hata nukta ya mwisho wa sentensi waliiita kituo. Katika kutua tukapata kutulia, na katika kutulia tukapata utulivu. "Kando ya maji ya utulivu huniongoza." Sisi tunamwambia mwenzetu, "Tulia mama, tulia, Mungu yupo," na mzigo bado uko kichwani kwake. Atatuliaje? Hajatua.

Serikali imetuambia miaka mingi sasa habari ya kumtua mama ndoo kichwani. Na niseme kweli, mahali bomba lilipofika, ndoo imeshuka. Mabinti wa leo shingo zao ni ndefu na nzuri kuliko zetu. Ila kuna ndoo nyingine ambayo haina bomba.

Tufungue Mathayo 11, mstari wa 28. "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Nimesikia midomo yenu ikitangulia. Tunaujua kwa moyo, umebandikwa nyuma ya mabasi, uko kwenye kalenda za ukutani. Tatizo ni mahali pengine tunapoliweka hilo neno pumziko. Tembea vihambani kwetu, pembeni ya migomba utaona kaburi limejengewa vizuri, limeandikwa "Pumzika kwa Amani". Sisi Wachaga, nawasema Wachaga kwa sababu ni wangu, Wapare na wengine mtajipima wenyewe, mtu wetu hupata ruhusa ya kupumzika akishawekewa vigae juu. Kabla ya hapo akijinyoosha saa nane mchana anaulizwa anaumwa nini.

Lakini Yesu hakuwa akisema na marehemu. Mstari unaofuata anataja nira, na maiti hafungwi nira. Alikuwa akisema na watu ambao kesho yake wangeamka waende shamba na ziwani. Aliwaahidi raha nafsini mwao. Raha, neno zuri hilo, siku hizi wamelichukua watu wa matangazo ya bia. Tulirudishe.

Niwaambie la kwangu. (Siku ile nilisema lisitoke ukumbini. Sasa nimeliandika mwenyewe.)

Mwaka ule mume wangu alikuwa anaugua, mama mkwe amelala kitandani nyumbani kwangu, nami nina zamu za usiku. Halafu nilikuwa mhazina wa kwaya, na msiniulize kwa nini sikukataa. Asubuhi moja nimetoka zamu, nimepitia Mbuyuni, nimenunua maini nusu kilo ya mama mkwe, nikafika stendi. Nikasimama. Makonda wanaita, nawasikia vizuri kabisa, na sikumbuki naenda wapi. Nilisoma maandishi kwenye magari, herufi naziona, hazigeuki kuwa mahali. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro karibu na kijana mpiga kiwi viatu. Mfuko wa maini ukaanza kuvuja kwenye sare yangu nyeupe, inzi wakaja. Muuguzi mzima nimekaa mtaroni, damu mapajani, wala silii. Angekuwa mtu mwingine ningejua la kufanya.

Mama mmoja muuza ndizi, ambaye simjui mpaka leo, akasogeza beseni lake akaniambia, "Mama, lete huo mfuko nikushikie." Hakuuliza nina nini. Nikampa. Mkono ulipobaki mtupu ndipo nilipolia.

Habari ikafika usharikani, watu wakaja kuniombea. Nawashukuru. Ila alikuja na mzee mmoja, simtaji, wala sitaji alitoka wapi, akaniambia mbele ya watoto wangu kwamba Mkristo anayeomba hachoki hivyo, kwamba nimemfungulia Shetani mlango. Na mnajua nilifanya nini? Nilimpikia chai. Nilisimama na miguu iliyovimba nikamchemshia maziwa, nikamtafutia na mandazi.

Jioni yake akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, wa jumuiya yetu. Hakuniuliza kama nimeomba. Aliniuliza, "Mara ya mwisho umelala usiku mzima lini?" Nikahesabu, nikashindwa. Akasema, "Basi Jumanne na Ijumaa mimi nalala hapa na bibi. Wewe utalala kwa jirani, nimeshaongea naye, kitanda kipo." Alifanya hivyo miezi mitatu. Mume wangu alifariki hata hivyo, mwaka uliofuata. Sitawadanganya kwamba usingizi ulitengeneza kila kitu. Lakini nilimzika nikiwa na akili zangu, na niliweza kumlilia.

Ni baada ya hapo ndipo nilipomsoma Eliya upya. Fungua 1 Wafalme 19. Mnakumbuka sura ya 18, kule Karmeli, yeye mmoja na manabii 450 wa Baali, moto unashuka, mvua inanyesha, mtu anapiga mbio mbele ya gari la mfalme. Ushindi mkubwa. Kisha Yezebeli, mke wa mfalme, anatuma mjumbe na neno moja la kutishia, na yule simba anakimbia. Muuguzi anasoma hapo anasema: huyu alikuwa ameisha siku nyingi, neno la Yezebeli limekuta chombo kitupu. Wengi wetu hatuanguki siku ya msiba. Tunaanguka wiki mbili baada ya arobaini, tukiwa tunaosha masufuria.

Angalieni mstari wa 3. Alipofika Beer-sheba alimwacha mtumishi wake pale, akaingia jangwani peke yake. Nimepita mstari huo miaka mingi bila kuuona. Mtu aliyechoka kupita kiasi, kitu cha kwanza anachoacha ni mtu. Hapokei simu. Anasema "niko sawa tu, namshukuru Mungu," na mlango anaufunga kwa ndani. Akina mama, yule mwenzenu anayesema "niko sawa tu" mara tatu katika sentensi moja, mfuateni.

Kisha akakaa chini ya mretemu, ambao ni kijiti cha jangwani kisicho na kivuli cha maana, akaomba afe. "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Nabii huyo, aliyeshusha moto. Na Mungu alimjibu nini? Soma pole pole. Hakumkemea. Hakumkumbusha Karmeli. Eliya alilala, malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako."

Safari hii ni kubwa mno kwako. Ninyi mmewahi kuambiwa hivyo na mtu kanisani? Mimi nimeambiwa "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba," na ninawaomba mkanitafutie aya hiyo, maana iliyopo inasema juu ya majaribu, nayo ina mlango wa kutokea. Malaika wa Eliya alikubali kwamba mzigo umemzidi. Kwanza usingizi, kisha mkate, kisha usingizi tena, mkate tena. Mazungumzo ya kiroho yakaja baadaye kule Horebu, siku arobaini mbele, ile sauti ndogo ya utulivu. Nadhani kama sauti hiyo ingesema siku ya kwanza, Eliya asingeisikia kwa njaa.

Na huko Horebu Mungu alimpa kazi tatu, ya tatu ikiwa kumpaka mafuta Elisha. Elisha alikutwa analima, jozi kumi na mbili za ng'ombe mbele yake, akaacha, akamfuata Eliya, akamhudumia. Kwa hiyo nabii aliyemwacha mtumishi Beer-sheba akapewa mtu mwingine. Mwalimu wa jumuiya yetu, kwangu mimi, alikuwa Elisha na malaika kwa pamoja, na alikuja na blanketi lake mwenyewe.

Sasa mtasema, mama, lakini mizigo hii inatoka wapi? Mingine ni ya maisha, ugonjwa, mume aliyeondoka, mtoto aliyepotelea kwenye pombe. Hiyo siwezi kuisema kwa dakika tano. Lakini mingine tunaisokota wenyewe na kutwikana.

Tuanze na Jumapili yetu. Tangu wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, kengele imelia kwenye mlima huu kila Jumapili iwaite watu wapumzike mbele za Mungu. Na sisi tumefanya nini? Ibada ya kwanza, kwaya. Ibada ya pili, kwaya nyingine. Mnada wa ndizi na kuku nje ya kanisa, na mimi napenda mnada, msinielewe vibaya, nimenunua jogoo mmoja mara tatu. Kisha kamati ya jengo, kikao cha harusi, kumtembelea mgonjwa. Saa moja usiku unarudi nyumbani, unawakuta watu wamekaa wanangoja chakula. Jumatatu inakuta umechoka kuliko Ijumaa. Leo sitasema habari za Martha. Martha amesemwa vya kutosha na wanaume waliokula chakula chake.

Ukisoma amri ya sabato katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, utaona sababu inayotolewa ni Misri. Mlikuwa watumwa, ndiyo maana mtapumzika, na kijakazi wako naye apumzike, na mgeni, na hata punda. Mtumwa hana siku yake. Farao alikuwa anahesabu matofali tu. Basi nikimwona mwanamke aliyeokoka hawezi kukaa dakika kumi bila kujisikia mwenye hatia, najiuliza anamhesabia nani matofali. Na yule dada wa kazi uliyemwacha nyumbani leo, naye ni kijakazi wa kwenye amri. Anapumzika lini? Hilo sikuandikiwa kwenye mada, lakini nimeshalisema.

Halafu mikopo. Ninyi mnaocheka hapo nyuma mnajua naelekea wapi. Kausha damu. Mtu anachukua laki tatu mwezi wa tisa ili achangie harusi ya mtoto wa mwenzake kwenye kundi la WhatsApp, asionekane yuko chini, na kufikia mwezi wa kumi na moja anapita njia za uchochoroni asikutane na vijana wa marejesho. Usiku anaamka saa tisa anafanya hesabu gizani. Anakuja kuombewa kukosa usingizi, tunamwekea mikono, tunakemea roho ya hofu. Mpendwa, siyo roho, ni rejesho la Alhamisi. Torati ililijua hilo. Iliweka mwaka wa saba wa kuachilia madeni, kwa sababu Mungu anafahamu kwamba mwenye deni halali. Mwanakikundi wa vikoba akija kwako akakwambia ukweli wa hesabu zake, hiyo ni ibada. Kaeni na kalamu. Muandikieni aliyemkopesha, muombe muda. Na michango, jifunzeni kusema "safari hii nitachangia elfu kumi na sala." Desemba inakuja, watu wote wanapanda nyumbani na magari, msikope ili mfanane na magari.

Vijana wetu wapagazi wanaobeba mizigo ya watalii, wakifika langoni Machame au Marangu, mzigo unawekwa kwenye mzani. Mwisho kilo 20. Ukizidi, unapunguzwa, hata kama kijana anaapa anaweza, hata kama anaihitaji sana hiyo hela. Na wageni wanaopita Marangu wengi hulala kambi ya Horombo usiku mmoja zaidi, mita 3,720, wasihamie kambi ya juu, mwili uzoee tu. Kiongozi wa watalii anayejua kazi yake haoni hiyo kama siku iliyopotea. Mama wa hao vijana yuko hapa kijijini na kilo hamsini, hakuna mzani wala Horombo.

Hapa lazima nivae sare yangu kidogo. Kuna uchovu ambao usingizi na mwenzako vinautoa, na kuna kitu kingine kinaitwa sonona. Ukiona wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huzuni haiondoki, au kile ulichokipenda hukitaki tena, usingizi umekatika au umezidi, chakula hakina ladha, unajiona huna thamani mbele ya watoto wako, au unawaza kufa, huo ni ugonjwa na una tiba. Nenda hospitali. Ukiwaza kufa, usingoje Jumatatu, nenda leo na usiende peke yako. Najua tunavyoogopa, mtu akisema daktari wa akili, mtaa mzima unasema "anapelekwa Mirembe", hospitali ile ya akili kule Dodoma. Lakini hospitali yetu hii ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya nani? Jina lake lenyewe lina neno Kikristo, na shirika linaloimiliki linaitwa Msamaria Mwema. Msamaria alimwaga mafuta na divai kwenye vidonda, kisha akalipia kitanda. Kumeza dawa ukiwa unaomba hakumvunjii Mungu heshima. Nimewapa wachungaji dawa za presha kwa mkono wangu huu na waliendelea kuhubiri vizuri.

Turudi kwenye ngata, nisije nikafukuzwa kabla ya chai. "Nira yangu ni laini, na mzigo wangu ni mwepesi." Nira sisi wa mlimani hatukuikulia; maksai atapita wapi katikati ya migomba? Mimi nikisoma hapo naiona hii. Ngata haipunguzi hata gramu moja ya majani. Inakaa kati ya kichwa na mzigo, ule uzito usikuchubue, usikuumize sehemu moja. Na lazima isokotwe kwa kichwa chako. Ya mama yangu ilikuwa kubwa kwangu, ilishuka mpaka kwenye nyusi.

Zaburi 55:22 inasema, "Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza." Tazama vizuri kinachotegemezwa. Ni wewe. Na Paulo kwa Wagalatia, sura ya 6, mstari wa 2 anasema mchukuliane mizigo, kisha mstari wa 5 anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Wasomi wanaona ugumu hapo. Mwanamke aliyewahi kupandisha majani kutoka tambarare haoni ugumu. Mzigo ni wako, uko kichwani kwako, hakuna atakayekubebea ugonjwa wa mumeo. Lakini kuna kutwikwa na kuna kutuliwa, na hapo ndipo mikono ya wengine inapoingia.

Nilikuwa nimeandika pia juu ya Yesu kulala kwenye mto ndani ya chombo, Marko 4, wakati wenzake wanahofia kuangamia. Saa imekwenda. Nendeni mkasome, na mtazame jinsi alivyokuwa amechoka hata dhoruba haikumwamsha. Waliomwamsha ni watu.

Mwisho wa maneno yangu mama mwenyekiti aliruhusu maswali. Kulikuwa na swali la saumu, nikalipeleka kwa mchungaji. Kisha akasimama mama mmoja kijana kutoka kule mlangoni, ana mtoto mgongoni, akauliza kwa sauti ya chini mpaka wa mbele wakageuka: "Mama, na kama huna wa kukutua?"

Nilikaa kimya kidogo. Nikamwambia kwamba kwenye njia ya kutoka tambarare, kabla ya kilima kikali, palikuwa na ukingo wa udongo uliokatwa, kimo cha kifua. Siku ambazo mama yangu alipita peke yake, alirudi kinyumenyume mpaka mzigo ukaegemea pale. Haukufika chini, maana ungefika chini asingeweza kuuinua tena. Alisimama hivyo, mzigo juu ya ukingo, shingo imepona kwa muda, anahema. Wakati mwingine aliimba. Nikamwambia Zaburi ni ukingo wa namna hiyo, na asiogope zile chungu. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, haina "lakini nitakusifu" mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Asome hiyo usiku kwa sauti, alie akitaka, Mungu amesikia mabaya kuliko hayo.

Kisha nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza kwanza. "Mwanangu, jana umelala saa ngapi?"

Akasema, "Saa tisa, mama. Na kumi na moja nilikuwa nimeamka."

Ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja mzee wa mstari wa pili akainuka bila kuombwa, akaenda mpaka mlangoni, akafungua khanga, akamchukua yule mtoto mgongoni. Mwingine akaingia jikoni kufunga pilau kwenye hotipoti, maana chakula kilikuwa bado saa nzima. Wa tatu akauliza anaishi wapi, akasema Pasua. "Twende, mimi nina bajaji ya kijana wangu hapo nje. Ukifika unalala. Mtoto atabaki na sisi mpaka jioni."

Yule binti alisimama pale mgongo mtupu, mikono haijui iwekwe wapi. Aliinama akaokota mkoba wake uliokuwa sakafuni, na mama wa bajaji akaupokea kabla haujafika begani.